Tarishi wa Damu

Hapa Mwanza, kandokando ya Ziwa Viktoria, minyoo ya safura na kichocho hupunguza damu ya watu. Je, mwili hujuaje?

Mwaka 1906, huko Paris, Carnot na Deflandre walimtoa sungura damu. Baadaye wakamtia mwenziwe maji ya damu yake, wakaeleza kuwa chembe nyekundu za huyo wa pili ziliongezeka.

Mwaka 1957, huko Chicago, panya walioondolewa figo walikosa tarishi huyo. Basi ikajulikana: damu ikipungua, figo hutuma homoni kwenye uboho wa mifupa, nao hutengeneza chembe mpya.

Lakini pasipo madini ya chuma, tarishi hupiga hodi bure. Kuleni dagaa na maharagwe. Ukiona unachokachoka, nenda ukapimwe.