Kayaki ipi inafaa maji ya Nkanka?

Anayelitazama Ziwa Kivu saa kumi na mbili asubuhi kutoka Nkanka, tarafa ya wilaya ya Rusizi kusini-magharibi mwa Rwanda, huweza kuamini kwamba chombo chochote kinachoelea kitamfaa. Maji yametulia, na wavuvi wa sambaza wanarejea baada ya usiku mzima wa kuvua kwa taa. Alasiri ziwa hilohilo huweza kubadilika kabisa. Kosa la wanunuzi wengi wa kayaki ni kuichagulia maji ya asubuhi.

Kayaki haikupata kuwa chombo cha umbo moja. Watu wa Aktiki walioibuni waliwamba ngozi juu ya kiunzi cha miti au mifupa, na kila pwani ilikuwa na umbo lake: Greenland walipendelea chombo chembamba kilicholala chini, ilhali wakazi wa Bahari ya Bering walitengeneza kipana chenye kina zaidi. Kilichoamua umbo hilo kilikuwa maji na kazi.

Ufuo wa kusini wa Kivu umekatwakatwa na ghuba, rasi na visiwa, kikiwamo Nkombo. Ndani ya ghuba upepo haupati nafasi ya kuinua mawimbi. Nje, kwenye maji ya wazi, mambo ni tofauti, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, pepo za kusi-mashariki zinapovuma. Hapa ndipo palipo na hatari isiyoonekana. Kwa mtu wa Nkanka, upepo huo hutoka nchi kavu. Karibu na ufuo vilima humkinga, maji yanaonekana laini, naye anasonga mbele kwa wepesi bila kujua kwamba ni upepo unaomsukuma. Anapogeuka kurudi, analazimika kuukabili uso kwa uso, mawimbi yameshakua, na mbele zaidi upande wa pili ni maji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi nyingine yenye taratibu zake za mpakani. Kayaki ya hapa, basi, ipimwe kwa safari ya kurudi.

Kwa matembezi ya ndani ya ghuba, kwa watoto na kwa wanaojifunza, kayaki ya kukalia juu inatosha. Aghalabu ina urefu wa mita 3 hivi na upana wa sentimita 75 au zaidi, na matundu yake humwaga maji yenyewe. Aliyeanguka hupanda tena bila kuhitaji kukomba maji. Udhaifu wake ni uzito wa mwendo: dhidi ya upepo, mpiga kafi huchoka mapema.

Anayekusudia kuvuka hadi Nkombo na kurudi anahitaji kayaki ya safari: mita 4.5 hadi 5.5, upana wa sentimita 55 hadi 60, yenye usukani na, lililo muhimu kuliko yote, vyumba vilivyozibwa omo na tezi. Chombo kikipinduka, maji huingia pale anapoketi tu, na ncha zote mbili hubaki zikielea. Chombo kirefu pia hushika njia vizuri zaidi. Wawili wasiolingana nguvu wachukue cha watu wawili, la sivyo mmoja ataachwa nyuma.

Isiyofaa maji ya wazi ni ile kayaki fupi ya kukalia ndani isiyo na vyumba vilivyozibwa. Bei yake huvutia, lakini ikipinduka hujaa kama beseni. Ya kujaza upepo ni rahisi kubeba kwenye gari, ila ziwani hupeperushwa kama jani.

Suala la Mto Ruzizi ni jingine kabisa. Unatoka ziwani kati ya Bukavu na mji wa Rusizi, kutoka mwinuko wa mita 1,460 hivi, na kushuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika. Kayaki za maji ya kasi ni fupi na zimepinda ili zigeuke upesi. Ziwani huzungukazunguka bila kwenda mbele. Ile ndefu ya ziwani nayo haifai kabisa kwenye miamba, tena mto huo una mabwawa ya umeme na ni mpaka wa nchi.

Wavuvi wa Kivu walikwisha kulijibu swali la uthabiti kwa njia yao: huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wakapata upana wa kubeba wavu na kustahimili mawimbi, wakipoteza mwendo. Gesi ya methani inayolipa ziwa hili sifa imelala vilindini, na haimhusu mpiga kafi anapochagua chombo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aijaribu kayaki ghubani, maji yakiwa kifuani, akiwa amevaa jaketi la kujiokolea na mwenzake akiwa kando. Aipindue makusudi, kisha ahesabu dakika anazotumia kupanda tena na kuyatoa maji.