Nasaba Isiyoandikwa: Kutafutana kwa Ndugu katika Nchi ya Mpanda

Utangulizi

Katika sura ya pili ya kitabu cha Ezra imo habari fupi inayochoma moyo. Miongoni mwa waliorudi kutoka Babeli walikuwamo makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone, nao wakatengwa na ukuhani. Hawakukosa wazazi, walikosa maandishi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo linawapata leo watu wengi wa Mkoa wa Katavi wanaowatafuta ndugu zao wa mbali kwa njia ya intaneti, na kwamba mchungaji anao wajibu wake hapo.

Nchi ya waliotengwa na jamaa

Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, lakini habari za watu waliotengwa na jamaa zao ni za zamani humo. Mwaka 1885 Mapadre Weupe waliipokea ngome ya Wabelgiji huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo alipotibu wagonjwa kwa miaka mingi Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa, akasomea uganga Malta, akaoa kwa Wabende, akafariki mwaka 1956. Tunamjua kwa kuwa habari zake ziliandikwa.

Kundi kubwa zaidi lilikuja baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, yote mawili yakiwa wakati huo katika Wilaya ya Mpanda. Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilishirikiana na TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Kwa hiyo historia hii inatugusa sisi Walutheri moja kwa moja. Mwaka 2010 wakimbizi zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, mkoani Tabora, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Uraia walipewa, lakini uraia haumrudishii mtu shangazi aliyepotezana naye njiani.

Kwa nini mtandao hauwaoni

Leo zipo tovuti za nasaba zisizotoza ada. Iliyo maarufu, FamilySearch, ilifunguliwa mwaka 1999 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo hukusanya nasaba kwa sababu ya mafundisho yake kuhusu ibada kwa ajili ya wafu. Mafundisho hayo si yetu, na anayeitumia tovuti hiyo yafaa ayajue. Hata hivyo kumbukumbu zilizomo huwasaidia wengi.

Tatizo ni kwamba zana hizo zilijengwa kwa desturi ya watu wanaorithi jina la ukoo. Kwa Warundi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuitwa Nzeyimana na Ndayizeye. Tena pacha mkubwa huitwa Bukuru na mdogo Butoyi. Basi anayemtafuta Bukuru ataletewa watu wengi wasio na undugu wowote ila kuzaliwa pacha. Aidha, mtandao huonyesha tu yale ambayo mtu fulani ameyaingiza.

Wajibu wa mchungaji

Kinachomtambulisha mtu hapa si jina peke yake, bali jina pamoja na la baba, la mama, na kilima alichotoka. Hayo wanayajua wazee. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1972 sasa amepita sabini, na kila maziko huondoa sehemu ya orodha. Kwa hiyo hatuna budi kuandika: katika daftari la ubatizo tuuliza pia majina ya babu na bibi, na kilima chao, na tunapomtembelea mzee, twende na kalamu. Mwenye kumtafuta aliyepotea vitani, tumwelekeze kwa Msalaba Mwekundu, ambao huwatafuta jamaa bila malipo.

Lakini tuwe na busara. Wengi waliorejea Burundi walikuta mashamba yao yanakaliwa na wengine. Kwa hiyo ndugu anayejitokeza ghafula anaweza kudhaniwa kuwa mdai wa ardhi. Majina ya walio hai yasiwekwe mtandaoni bila ridhaa yao, na asiyetaka kutafutwa aachwe kwa amani.

Hitimisho

Mtume Paulo alimwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho, zinazozaa maswali tu. Onyo hilo ni la haki kwa anayetafuta nasaba ili ajisifu. Lakini Mathayo aliifungua Injili yake kwa orodha ya majina, akimtaja humo Ruthu Mmoabu, mwanamke mgeni. Kanisa haliwezi kuahidi kwamba kila ndugu ataonekana. Linaweza kuhakikisha kwamba siku akija mjukuu kuuliza, daftari halitakuwa tupu.