Pimamaji ya Mjomba

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikataa, na mimi nikachoka kuiomba ikubali. Nilirudi Nakuru na begi moja na daftari la somo ambalo lilinifurahisha kweli, lile la vitu vinavyozunguka. Nyumbani hakuna anayekula hesabu, kwa hivyo mjomba alinipa ovaroli.

Gereji yake haina bango. Ina mti mmoja, mabati yanayofunika nusu ya kiwanja, kompresa inayokohoa, na kwenye kona, juu ya simiti aliyoimwaga mwenyewe, kuna kitu ambacho wateja vijana hudhani ni mzani wa nyama. Ni mguu mfupi wa chuma. Juu yake kuna koni, na juu ya koni kioo cha duara chenye maji na kiputo kimoja cha hewa. Mjomba alikinunua mwaka 1994 kutoka gereji iliyokuwa inafunga mjini. Hakina waya wala skrini. Kazi yake ni moja tu, kukwambia upande gani wa tairi ni mwepesi.

Wiki ya kwanza nilikicheka. Nilikuwa nimeona mashine za kubalansi za kompyuta pale barabara kuu, zile zinazozungusha tairi na kuandika gramu kwa namba nyekundu. Mjomba hakubishana. Alilaza tairi juu ya koni kama mtu anayeweka sufuria mekoni, akangoja. Tairi iliinama kidogo, kiputo kikakimbilia upande mmoja na kutulia huko.

"Hewa inapanda juu," akasema. "Kwa hivyo kilipoenda ndipo pepesi. Weka risasi hapo."

Risasi ni vile vipande vya madini vinavyobanwa ukingoni mwa rimu. Aliweka kimoja, kiputo kikarudi nusu ya njia. Akaongeza kingine, kikaingia katikati ya duara. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Aliinua tairi, akaizungusha nusu mzunguko, akailaza tena juu ya koni.

"Kwa nini unarudia?"

"Kosa likihama na tairi, ni la tairi. Likibaki upande uleule, ni la mashine. Usiamini pimamaji kabla hujaigeuza."

Usiku huo nilianza kusoma historia ya hicho kiputo, na nimekuwa nikiisoma tangu hapo.

Kina umri wa zaidi ya miaka 360. Mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyekibuni ni Mfaransa, Melchisédech Thévenot, msomi na mpenda safari aliyekuja kuwa mtunza maktaba ya mfalme Louis XIV. Mwaka 1661 alimwandikia barua mwanasayansi Christiaan Huygens kumweleza kuhusu kifaa chake: mrija mdogo wa kioo, umejazwa kimiminika, ukaachiwa nafasi ya hewa kidogo. Kabla ya hapo, mtu akitaka kujua kama kitu kimelala sawa alitegemea uzito unaoning'inia. Wamisri wa kale walikuwa na fremu ya mbao yenye umbo la A na kamba yenye jiwe. Fundi wetu wa mjengo bado anayo kamba hiyo, anaiita timazi. Timazi inauliza dunia kwa kitu kinachoanguka. Thévenot aliuliza swali hilohilo kwa kitu kinachopanda.

Ndani ya mrija wake hakuweka maji bali alkoholi, ambayo haigandi upesi kwenye baridi. Waingereza wakakipa kifaa jina la hiyo pombe. Sisi Waswahili tuliangalia kinachofanywa tukaita pimamaji, ingawa hayo maji mtu akiyanywa ataimba. Sioni kosa. Maji yakitulia huwa yamelala sawa, na hicho ndicho fundi anachotafuta.

Mbona basi ilichukua karne nyingi kufika kwenye tairi? Kwa sababu gurudumu halikuhitaji. Mkokoteni wa Gikomba unaweza kuwa na gurudumu lililopinda kama ndizi na bado ukafikisha viazi. Gari la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886, lilikwenda kama kilomita 16 kwa saa. Kwa mwendo huo hakuna kutetemeka kunakotoka kwenye uzito wa gurudumu, kuna mawe tu.

Halafu ikaja hewa. Charles Goodyear alikuwa amegundua mwaka 1839 jinsi ya kupika mpira na salfa usiyeyuke kwa joto wala kukauka kwa baridi. Mskoti Robert William Thomson akapata hataza ya gurudumu la hewa mwaka 1845, lakini magari ya kulihitaji hayakuwepo, likasahaulika. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akalibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake. Mwaka 1895 ndugu wawili, André na Édouard Michelin, wakaingiza gari lenye tairi za hewa kwenye mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Walipata pancha nyingi mno. Hata hivyo walikuwa wameonyesha kwamba gari linaweza kutembea juu ya hewa, na baada ya hapo mwendo ukaanza kupanda.

Na tairi ya hewa haiwezi kuwa sawa pande zote. Ni tabaka za mpira, nguo na nyaya zilizobandikwa pamoja, na mahali zinapoungana pana uzito zaidi. Rimu nayo ina tundu la valvu. Hakuna kiwanda kinachoweza kutoa duara kamili.

Hapo daftari langu lilipata kazi. Chukua gramu 30, uzito wa vijiko vichache vya sukari. Ziweke ukingoni mwa rimu, sentimita 20 kutoka katikati, kwenye gari dogo la kawaida. Likiwa limesimama, ni gramu 30 tu. Likienda kilomita 50 kwa saa, zinavuta gurudumu nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja na robo. Ukifika 100, mwendo umezidi mara mbili lakini nguvu imezidi mara nne: sasa ni kama kilo tano, na zinavuta huku na kule karibu mara 15 kila sekunde. Hizo ndizo unazozisikia kwenye usukani, ndizo zinazokula shokabsoba na beringi, na tairi lenyewe likaisha kwa madoa madoa.

Wa kwanza kupambana na hesabu hii si watu wa magari. Ni watu wa mitambo ya mvuke. Mwingereza Charles Parsons alitengeneza tabo yake ya mvuke mwaka 1884, na kwa kasi zile kosa dogo la uzito lingeweza kuvunja mtambo mzima. Mwaka 1907 Mjerumani Franz Lawaczeck akabuni mashine ya kupima usawa wa kitu kikiwa kinazunguka, na kampuni ya Carl Schenck ya Darmstadt ikaichukua. Mashine zote za namba nyekundu pale barabara kuu zinatoka kwenye ukoo huo.

Kile cha mjomba kinatoka ukoo mwingine, wa Thévenot na timazi. Vifaa kama hicho vilienea kwenye gereji ndogo na vituo vya petroli vya Marekani katikati ya karne ya 20, kwa kuwa vilikuwa rahisi na havikuhitaji umeme. Kompyuta zilipokuja, vikasukumwa kwenye kona, vikauzwa, vikavuka bahari. Marekani bado viko, vya bei nafuu, kwa watu wanaotengeneza magari yao nyumbani. Huku kwetu viliingia jua kali. Ni ile sekta ambayo Shirika la Kazi Duniani liliiandika kwenye ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu Kenya, na dunia nzima ikajifunza kuiita sekta isiyo rasmi. Mjomba hajawahi kuisoma. Yeye anasema tu kwamba mashine ikistaafu Ulaya huja kuajiriwa hapa.

Sasa nifike pale nilipokosea.

Binamu yangu alileta Subaru yake, rimu za aloi za inchi 17, tairi pana. Mjomba alikuwa ameenda matanga. Nililaza tairi moja moja, nikaweka risasi, nikazungusha nusu mzunguko, kiputo kikakaa katikati kama kimepigwa msumari. Nikamwambia, "Iko sawa kabisa, nenda."

Alinipigia simu kutoka Gilgil. "Manze, hii usukani inanitoa meno." Kwenye 90 gari lilikuwa linatikisa kichwa. Mke wake na mtoto walikuwa nyuma. Akarudi polepole na hazadi zimewashwa, malori yakimpigia honi njia yote.

Nilikaa na daftari hadi saa sita usiku, na jibu lilikuwa kwenye kurasa nilizozisoma kwa ajili ya mtihani ambao sikuufanya. Fikiria watoto wawili wameshika gogo, kila mmoja upande wake. Mmoja anasukuma kushoto, mwingine kulia, kwa nguvu sawa. Ukijumlisha, jibu ni sifuri. Lakini gogo linazunguka. Tairi pana linaweza kuwa hivyo: uzito mmoja uso wa ndani, mwingine uso wa nje, upande wa pili. Likilala juu ya koni zinafutana na kiputo kinakaa katikati. Likikimbia, kila uzito unavuta upande wake na gurudumu linayumba kushoto na kulia. Kifaa kilichosimama hakiwezi kuliona kosa hilo hata ukigeuza tairi mara mia. Kwa tairi nyembamba, kama za Probox, kosa hilo huwa dogo, na ndiyo maana mjomba amekula mkate wake kwa kiputo miaka yote hii.

Mjomba aliporudi nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho. "Pimamaji haikukudanganya," akasema. "Uliiuliza swali moja, ukamjibu binamu yako maswali mawili." Kumbe yeye tairi pana huzikataa siku zote. Alikuwa hajui ni kwa nini, alijua tu kwamba hurudi. Nilimchorea lile gogo kwenye vumbi. Aliangalia muda mrefu, akasema, "Hiyo ndiyo mliyokuwa mkisoma huko?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni kitu kizuri." Tangu niache chuo hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa ameniambia hivyo.

Sehemu ya mwisho ya historia hii ndiyo ngumu zaidi kuiandika, na inahusu risasi.

Kiswahili kina neno moja kwa madini ya risasi na risasi ya bunduki. Risasi ilichaguliwa kwa tairi kwa sababu ni nzito, laini na rahisi. Lakini ni sumu inayoingia mwilini kidogo kidogo, na watoto ndio inaowaumiza zaidi, kwenye ubongo. Umoja wa Ulaya ulishazipiga marufuku risasi za tairi kwenye magari tangu mwaka 2005, wakahamia chuma na zinki. Sisi Wakenya hatuna kisingizio cha kutojua madini haya. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwajaza majirani risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na mtoto wake mwenyewe akaugua, aliongoza mapambano hayo na kupata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Nilipokuwa nasoma hayo nilikumbuka mkebe wa Kimbo chini ya benchi ya mjomba, umejaa risasi kuukuu. Miaka ya tisini, vipande vipya vilipokuwa ghali, alikuwa akiziyeyusha kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba na kumwaga kwenye kalibu ya mchanga. Tulikuja likizo tukicheza pale. Tulipenda kuziangalia zikigeuka maji yanayong'aa.

Nilimwuliza lile jiko liko wapi. Akasema shangazi alilitumia hadi likatoboka.

Mikono ya mjomba hutetemeka siku hizi akishika nati ndogo. Kliniki walisema ni umri, na huenda ni kweli, ana miaka 67. Nimemwomba aende akapimwe damu, na mimi nitapimwa naye. Alicheka, halafu akanyamaza, halafu akauliza ni pesa ngapi. Tumekubaliana mwisho wa mwezi. Mkebe tumeufunga kwa tepu, na sasa tunanunua za chuma, ambazo ni kubwa zaidi kwa uzito uleule na wateja wanalalamika kwamba hazipendezi. Kabla ya chakula tunanawa kwa sabuni, wote wawili, kama watoto wa chekechea.

Jumamosi iliyopita alikuja dereva wa teksi na Probox. Mjomba alivuta kiti akakaa, akaniachia kazi. Nililaza tairi ya kwanza, nikangoja kiputo kitulie, nikaweka chuma, nikageuza nusu mzunguko. Tatu zilikubali. Ya nne ilikuwa na uvimbe ubavuni, kitu ambacho hakuna uzito unaoweza kukitibu, na nikamwambia hivyo, kwamba hiyo ni ya kubadilisha na sitamwekea chochote.

Alimgeukia mjomba, kama wateja wafanyavyo, aone kama mzee ana maneno tofauti.

"Sikia huyo," mjomba akasema. "Huyo amesoma."