Injini ikichemka: Mahali mshale unapopanda hufichua kasoro

WENYE magari makuukuu mtaani Komarock, jijini Nairobi, aghalabu hushauriwa wanunue rejeta nyingine pindi injini inapochemka. Pesa hizo mara nyingi hupotea bure kwa sababu kasoro iko kwingine, na baada ya siku chache gari huchemka tena.

Kabla ya kufungua mfuko, dereva anafaa kujiuliza swali moja: mshale wa kipimo cha joto ulianza kupanda lini na wapi?

Ukipanda katika msongamano, tuseme pale Barabara ya Kangundo inapokutana na Outer Ring, kisha ukashuka gari linapoenda kasi, mshukiwa wa kwanza ni feni. Gari linapokimbia, upepo huipoza rejeta hata feni ikiwa imekufa. Linaposimama, kazi yote huiangukia feni.

Katika magari kama Toyota 110, feni huendeshwa kwa umeme. Gari lisimamishwe injini ikinguruma. Mshale ukipita kiwango chake cha kawaida bila feni kuzunguka, fyuzi, rilei, swichi ya joto na mota ya feni zikaguliwe. Feni ya mkanda nayo hudhoofika mkanda ukilegea.

Ukipanda gari likiwa kasini au likipanda mlima, kwa mfano safarini kuelekea Tala, feni si ya kulaumiwa. Huenda rejeta imeziba, pampu ya maji imechakaa au thamostati imekwama. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta, hivyo ni heri kutumia kulanti.

Mafundi wengi huitoa thamostati na kuitupa. Hiyo si tiba. Injini isiyofikia joto lake hunywa mafuta mengi na kuchakaa mapema. Thamostati hupimwa kwa kutumbukizwa katika sufuria ya maji jikoni. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzijoto 82 na 88. Maji yakichemka nayo bado imejifunga, haifai tena.

Kifuniko cha rejeta pia hupuuzwa. Mitaa ya mashariki mwa Nairobi iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye takriban nyuzijoto 95 badala ya 100. Kifuniko kizima hubana maji yasichemke hadi yapite nyuzijoto 110. Mpira wake ukichakaa, maji huchemka mapema na kumwagika.

Kasoro inayotisha zaidi ni gasketi ya silinda hedi kuungua. Dalili zake ni mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta punde injini baridi inapowashwa, oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa, na moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto. Anayeendelea kuendesha gari katika hali hiyo huipinda silinda hedi, na huenda akalazimika kununua injini nyingine.

Mshale ukishuka ghafla huku mvuke ukitoka, dereva asifurahi. Huenda maji yamekwisha, na kipimo hakina tena cha kupima. Injini izimwe mara moja.

Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, kwani maji hufoka na kuunguza uso na mikono. Isubiriwe ipoe kwa angalau nusu saa. Maji baridi yakimiminwa ghafla kwenye injini moto huweza kuipasua. Vidole navyo vikae mbali na feni ya umeme, ambayo huweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Ukaguzi uanze na vya bei nafuu: kiasi cha maji, kifuniko, mipira inayovuja, mkanda, fyuzi na thamostati. Rejeta na pampu vije baadaye, na silinda hedi ifunguliwe tu dalili zake zikionekana.