Kujichukia: neno la Kiganda katika historia ya tiba ya sonona

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers kuhusu akili ya Mwafrika. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938 bila kuwa amesomea tiba ya akili, na kutokana na aliyoyaona humo alitangaza kwamba sonona ni ugonjwa adimu kwa Waafrika, eti kwa kuwa hawabebi mzigo wa wajibu nafsini kama Mzungu. Dharau iliyomo haihitaji maelezo. Kosa la hesabu ndilo linalofaa kutazamwa, kwa sababu liliishi kuliko yeye. Mathari ya ukoloni ilipokea hasa watu walioleta fujo. Mwanamke aliyejikunyata chumbani, hali, halimi, hasemi na mtu, hakumsumbua chifu wala polisi. Nani angegharamia safari ya kumfikisha Nairobi? Carothers aliwahesabu waliopita mlangoni kwake akadhani ameihesabu jamii. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti walioufanya katika vijiji viwili vya Uganda, wakiwafuata watu majumbani, na sonona waliyoikuta ilizidi ile ya wanawake wa mtaa mmoja wa London.

Mlango wa hospitali si kipimo cha huzuni ya watu, na kwa sababu hiyohiyo hauwezi kuwa njia pekee ya kuitibu. Anayeonyesha hilo vizuri ni mwanasaikolojia Helen Verdeli wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa kazi aliyoifanya na Paul Bolton na wenzao katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda. Huko UKIMWI ulikuwa umezika watu kwa miaka ishirini. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe wanavyoyaita maumivu hayo, wakapewa maneno mawili: y'okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. (Msomaji wa Kiswahili atauona undugu wa lugha hapo: tunaposema -ji-, Waganda wanasema -e-.) Maneno hayo hayalingani kikamilifu na orodha ya dalili za vitabuni, lakini wenyeji waliyatambua, wakajua nani katika kijiji anateseka nayo. Tiba nayo ilifinyangwa upya ili itolewe kwa vikundi. Ilikuwa tiba ya mahusiano iliyobuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman, yenye maeneo manne ya shida: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke wa asiyejua kuishi na watu. Hilo la nne liliachwa, kwa kuwa halikuwa shida ya vijiji vile. Waliokuwa na kazi ya kuongoza vikundi walikuwa wenyeji wasio na taaluma ya afya ya akili, waliofundishwa kwa muda wa wiki mbili tu.

Vijiji 30 vilihusika, na kura ndiyo iliyoamua wapi tiba itolewe. Vikundi vilikutana mara moja kwa juma, wanaume kwao na wanawake kwao, kwa majuma 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliotimiza vigezo vya sonona katika vikundi vya tiba walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Haki inatudai tuutaje na upande wa pili, kwani hata wasiopata tiba walishuka, kutoka 94 hadi 54.7. Huzuni nyingine hupungua zenyewe, na anayetaja 6.5 peke yake anaipamba kazi kupita kiasi. Hata hivyo pengo lililobaki ni kubwa mno kuitwa bahati, na miezi sita baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Wapo watakaosema hii ni tiba ya daraja la pili, ya kuwatuliza maskini wasiofikiwa na daktari. Hoja hiyo ina uzito pale inapomhusu mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwapo: huyo anahitaji dawa na hospitali ya akili kama Butabika, wala kikundi cha kijiji hakimfai. Kwa mjane aliyepoteza hamu ya kuamka sioni uduni wowote katika kusikilizwa kwa Kiganda na watu wanaoujua msiba wake. Wengine watasema dawa ya huzuni ya maskini ni fedha. Umaskini unaumiza, kweli, lakini waliotibiwa Masaka na Rakai walirudi pia kwenye kazi zao za kila siku, na asiyeweza kushika jembe hasaidiwi na bei nzuri ya kahawa. Pingamizi linalonishughulisha zaidi ni la kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya tiba hiyohiyo kwa vijana wa Kiacholi katika kambi za waliokimbia vita: wasichana walipata nafuu, lakini kwa wavulana tofauti haikuthibitika. Kwa hiyo ni kosa kuihamisha mbinu bila kuuliza upya, kila mahali, mateso yanaitwaje na nani yuko tayari kuyasema mbele ya wenzake.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha Carothers, lilitoa kwa ushirikiano na Columbia mwongozo wa kutibu sonona kwa vikundi, uliojengwa juu ya kazi ya Masaka na Rakai.