Kanabijeroli

Kanabijeroli, kwa ufupi CBG, ni kemikali isiyolewesha ya mmea wa bangi, ambayo muundo wake ulibainishwa nchini Israeli mwaka 1964 na wanakemia Yehiel Gaoni na Raphael Mechoulam. Asidi yake ndiyo asili ambayo kwayo vimeng'enya vya mmea huunda asidi za THC na CBD, kemikali nyingine za mmea huo. Na kwa kuwa sehemu kubwa hugeuzwa hivyo mmea ukomaapo, aghalabu kiasi kisaliacho katika maua makavu hakifiki asilimia 1.

Mwaka 2008 ilidhihirika maabarani kwamba CBG huzuia bakteria wa Staphylococcus aureus walio sugu kwa methisilini, na mwaka 2013 ilionekana kupunguza uvimbe wa utumbo mpana wa panya. Walakini, majaribio kwa wanadamu yangali machache mno, wala mafuta na vidonge vyake viuzwavyo Marekani kama virutubisho havijathibitishwa kutibu maradhi yoyote. Tena, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na CBD, ambayo yaweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, mgonjwa anayeitumia dawa hiyo hana budi kushauriana na tabibu wake kwanza.