Ngome ya Lamu ilikuwa jela, na tunajifanya hatujui

Wadau, fanya hesabu hii na mimi. Ngome yetu ya Lamu, ile iliyoko Mkunguni tunapopiga selfi kila siku ya sherehe, ilikuwa jela kuanzia 1910 hadi 1984. Hiyo ni miaka 74. Baada ya hapo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Kwa hiyo hadi leo jengo hilo limefunga watu kwa muda mrefu kuliko lilivyopokea wageni. Itabidi tufike 2058 ndio miaka ya makumbusho ilingane na miaka ya jela.

Sasa nenda kaangalie video zetu, zangu zikiwemo. Tunasimulia Vita vya Shela vizuri sana: jinsi Wamazrui wa Mombasa na watu wa Pate walivyokuja na kushindwa, Lamu ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ngome ikajengwa hadi ikakamilika 1821. Safi. Kisha tunaruka. Kutoka kwa Waomani mpaka kwa watalii, kama vile katikati hapakuwa na mtu.

Palikuwa na watu, tena wengi. Walifungiwa humo humo, soko likiwa hapo mlangoni. Hebu fikiria: uko ndani unasikia bei ya samaki, punda wanapita, adhana zinapokezana msikiti hadi msikiti, na huwezi kutoka. Mji wako uko hatua kumi tu, lakini ukuta ni wa mawe ya matumbawe, mnene kupita kiasi.

Kwa nini ngome? Kwa mkoloni jibu lilikuwa rahisi. Waingereza walipoanza kutawala pwani rasmi 1895 walikuta majengo makubwa yenye kuta nene na lango linalolindika, tayari yamejengwa na wengine. Gharama ya nini tena? Mombasa walifanya hivyo hivyo: Fort Jesus ya Wareno ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hata neno letu lina ushahidi. Wataalamu wengi wa lugha wanasema "gereza" limetoka kwa Kireno, igreja, yaani kanisa. Kwetu likawa ngome, mwisho likawa jela. Kilwa Kisiwani ile ngome yao inaitwa Gereza mpaka leo. Yaani historia yote ya pwani imejibana ndani ya neno moja.

Kinachonichekesha ni Changuu, kule Zanzibar. Watalii wanakiita Kisiwa cha Jela, wanalipa boti kwenda kuona kobe. Jengo la jela lililojengwa pale miaka ya 1890 halikutumika kufunga wafungwa, liligeuzwa karantini ya wagonjwa. Kisiwa ambacho jela yake haikupata mfungwa kimebeba jina hilo duniani kote, na sisi tuliofunga watu miaka 74 hatulitaji kabisa.

Na si mjini tu. Vuka mkondo uende Manda. Wengi tunajua Takwa kwa magofu, na kwa watu wa Shela wanaokwenda kuomba mvua kwenye kaburi la pale. Lakini miaka ya hali ya hatari, baada ya Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliweka kambi ya kizuizini huko huko Takwa. Waliletwa watu kutoka bara waliotuhumiwa kuwa Mau Mau, wengi bila kufikishwa mahakamani. Mmoja wao alikuwa mwandishi Gakaara wa Wanjau. Aliandika shajara yake ya kizuizini kwa Kikuyu, na kitabu hicho kikashinda Tuzo ya Noma 1984. Mwaka ule ule ngome yetu ilipoacha kuwa jela! Mtu wa Nyeri ana kumbukumbu ya kuzuiliwa kwetu, imechapishwa, imepewa tuzo. Kumbukumbu ya waliofungwa ngomeni iko wapi?

Najua kwa nini hatuulizi. Ni aibu. Pwani jina la ukoo ni kitu kizito, na hakuna anayetaka kusikia babu yake alikuwa ndani. Lakini tuwe wakweli: chini ya mkoloni, Kenya nzima watu walifungwa kwa kukosa kodi au kwa kutotembea na kipande. Kufungwa si lazima uwe mwizi. Na hata aliyekuwa mwizi, bado aliishi hapo, ni sehemu ya mji huu.

Mwingine atasema, hilo ni jukumu la kaunti. Ngoja. Kwenye filamu za Marekani unamwona sheriff amechaguliwa na wananchi wa kaunti yake na jela iko mikononi mwake. Kwetu siyo. Katiba ya 2010 imeacha polisi na magereza kwa serikali ya kitaifa. Gereza la siku hizi liko Hindi, bara. Familia ya mjini ikitaka kumwona mtu wao lazima ipande boti hadi Mokowe, kisha ishike barabara. Jela imeondoka machoni petu, ndiyo maana ni rahisi kuisahau.

Kule Robben Island, Afrika Kusini, waliowahi kufungwa ndio waliowatembeza wageni na kuwaonyesha vyumba vyao. Sisi nafasi hiyo inayeyuka. Aliyekuwa askari jela au mfungwa wa miaka 20 mwaka 1984, leo amevuka 60. Wa miaka ya 1950 wamebaki wachache mno.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kabla hujaposti picha nyingine ukiwa juu ya ngome, kaa na mzee wako baada ya magharibi. Muulize kwa adabu: nani alikuwa akipeleka chakula? Wafungwa walikuwa wakifanya kazi gani? Akikubali, mrekodi. Akikataa jina lisitajwe, liache. Kisa kinatosha.

Vita vya Shela vimeshapata wasimulizi. Hawa wa ndani bado.